Voisi Yangu Kwenye Sabufa ya Ba'mdogo

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile stori ya shoga yangu, ya voisi yangu ya siri iliyosikika kwenye sabufa mbele ya wageni nyumbani kwetu, naomba na mie nisikilizwe. Yeye hata hakuwepo. Kahadithiwa na mtu aliyekuwa uani anakwangua ukoko, naye kaongeza chumvi na ndimu, mpaka kwenye toleo lake mie nimezimia na Baba kanimwagia ndoo ya maji. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa nafuu.

Na voisi yenyewe nilimtumia nani? Yeye! Halafu leo anajifanya mwandishi wa habari.

Haya. Matokeo ya kidato cha sita yalinikalia vizuri, PCB yangu (fizikia, kemia na baiolojia) ikanyooka, nikaomba vyuo, nikachaguliwa kuwili. Kwanza Muhimbili, udaktari wa binadamu. Pili Sokoine, Morogoro, shahada ya ufugaji wa samaki na viumbe wa majini. Mliopita huko mnajua: ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa namba ya siri kwenye simu, unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, unaiweka, umethibitisha. Kingine unakiaga.

Nyumbani kwetu hapa Bagamoyo hapakuwa na cha kuchagua. Baba ni nahodha. Mama anakaanga samaki pale sokoni ufukweni tangu sijazaliwa, na wimbo niliolelewa nao ni mmoja: "Sisi tumenuka samaki ili wewe usinuke." Sasa mtoto wa watu hao aje na barua ya Muhimbili! Hata bibi yangu, ambaye Dar es Salaam yote kwake ni Kariakoo na Muhimbili tu, alipiga kigelegele akakohoa. Nilipoitaja Morogoro, waliitikia "aah, vizuri" kwa sauti ile ya kumsifia mtoto aliyechora nyumba ukutani.

Siku hiyohiyo nikapoteza jina. Nikawa Dokta. Muuza vitumbua: Dokta. Bodaboda wa kona: Dokta, twende. Udaktari ni miaka 5 darasani na mwaka 1 wa utarajali, lakini kata yetu ya Dunda nzima iliona hayo ni makaratasi tu, huduma ianze. Zahanati yangu ikawa barazani kwetu, baada ya alasiri. Mtu anakaa, anauliza hali ya masomo (masomo gani, chuo hakijafunguliwa!), anatazama kulia, anatazama kushoto, halafu anavuta kiti karibu. Akivuta kiti tu najua kuna kitu kinataka kufunuliwa.

Na mie, mwenzenu, damu ya mtu siiwezi. Damu ya samaki naosha nayo mikono. Ya mtu, hata kidole kikikatwa na kisu cha vitunguu, macho yanaingia kiza. Lakini nisijifiche nyuma ya damu, maana wapo waliozoea wakawa madaktari wazuri tu. Ukweli ni kwamba mie nawapenda samaki. Nilipokuwa mdogo Mama akinipa vichwa vya changu nivioshe kwa ajili ya supu, napasua fuvu natafuta vile vijiwe viwili vyeupe, kila upande kimoja, navijaza kwenye kiberiti. Mama alidhani nimelogwa. Baadaye nikaja kusoma kwamba ni mawe ya sikio, yanamsaidia samaki kusikia na kujisawazisha majini, na ukilikata moja ukaliweka chini ya hadubini unaona pete zimepangana ndani kwa ndani, unazihesabu unajua samaki ana miaka mingapi. Niliposoma hivyo sikulala. Siku nyingine nikawaeleza akina mama sokoni kwamba chewa wengi wanaanza maisha wakiwa majike, wakishakua wanageuka madume. Nilifukuzwa kwa mwiko.

Basi usiku mmoja, wote wamelala, nikaingia kwenye akaunti, nikaweka namba, nikathibitisha Morogoro. Ikakubali. Nikajifunika shuka gubigubi, nikamrekodia shoga yangu voisi ndefu, kwa kunong'ona, nikicheka peke yangu. Kwa kunong'ona, jamani! Hilo naomba mlikumbuke tukifika mbele, maana ule mnong'ono ulisikika mpaka kwa wacheza bao mtaa wa pili.

Kumbe Baba ameshapanga dua. Dua ya kumwombea Dokta. Turubai limekodiwa, mbuzi kaanguka, masufuria ya pilau yametoka kwa jirani, ustadhi kaalikwa, na mie nimenunuliwa koti jeupe la daktari Kariakoo, mikono imenipita vidole. Nikaambiwa nilivae juu ya dera. Joto lile la Bagamoyo, upepo hakuna, nimekaa kwenye kiti cha mbele upande wa wanawake natiririka jasho, watu wanapita wananipiga picha. Mnauliza kwa nini sikusema mapema? Wewe ungesema? Mbuzi keshachinjwa, useme nini?

Ba'mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wa shughuli na mwenye sabufa. Sabufa lenyewe ni refu linanifika kiunoni, lina taa za kijani na nyekundu, analipenda kuliko pikipiki yake. Akatangaza kwamba wakati sahani zinagawiwa tutasikiliza kasida, na kwa kuwa simu yake imezima chaji, akaomba "simu ya Dokta". Nikampa. Nikamfungulia kasida mwenyewe kwa mkono wangu, nikarudi kwenye kiti. Bluetooth ikashika. Kila kitu kikawa shwari, sauti tamu, sahani zinapita.

Kasida ikaisha.

Mtoto wa dada, wa darasa la pili, ndiye aliyekuwa amekaa karibu na simu. Akaichukua aweke nyingine. Nilimwona. Niliona kidole gumba chake, kina mafuta ya pilau, kinapanda na kushuka kwenye kioo. Nikajiambia anatafuta kasida. Kikasimama. Kikabonyeza.

Cha kwanza kusikika kilikuwa kicheko changu. Kile kicheko cha puani cha mtu aliyejifunika shuka, sasa kinatoka kwenye sabufa lenye besi. Sahani zikatikisika.

"Shoga eeh, nisikilize, usicheke kwanza. Leo nimefungua tena zahanati."

Nikanyanyuka. Koti likanasa kwenye kiti cha plastiki, mfuko wake umeingia kwenye mkono wa kiti, nikanyanyuka na kiti.

"Kaja Mzee wa nyumba ya kona, ana bawasiri, anataka anionyeshe! Nikamwambia Mzee wangu shikamoo, mie hata chuo sijaripoti."

Upande wa wanaume, Mzee wa nyumba ya kona alikuwa na tonge mkononi, karibu na mdomo. Lile tonge halikuingia wala halikurudi. Waliokaa naye sahani moja wakasogea. Wakasogea kidogo tu, kwa adabu, lakini walisogea.

Hapa ndipo wengi mnauliza kwa nini hakuna aliyezima. Aliyekuwa karibu na sabufa ni Ba'mdogo, na Ba'mdogo alikuwa anacheka. Kajishika tumbo, kainama, machozi yanamtoka. Anaacha iendelee! Mtoto wa dada naye kataharuki, anabonyeza pembeni ya simu akidhani anazima, kumbe anaongeza sauti.

"Halafu yule mama wa kikoba, mwenye sukari, kaambiwa aache vitamu. Kaniambia kila usiku mumewe akilala anaingia jikoni gizani anakula visheti. Anataka nimpe dawa ya kuendelea kula visheti!"

Kutoka nyuma ya pazia la wanaume ikatoka sauti ya mtu mzima, nzito, yenye uchungu wa miaka: "Nilijua! Nilijua si panya!"

Mimi bado natembea na kiti. Kutoka nilipokuwa mpaka sabufa si mbali, ila kati yetu kulikuwa na mikeka, na juu ya mikeka wanawake wenye sahani, na kila ninayemruka ananitazama usoni kuona kama na yeye yumo. Wengine walikuwemo. Nilikuwa nawajua waliomo.

"Na Ba'mdogo naye! Kaniita nyuma ya choo, kavua kofia, eti Dokta, hizi nywele zitarudi?"

Kicheko cha Ba'mdogo kikakatika. Mkono ukaenda kwenye kofia, ukaikandamiza. Sasa ndiyo akakumbuka kwamba sabufa linazimwa! Akarukia nyaya, akavuta waya. Feni zikazima. Akavuta mwingine. Taa zikazima. Sabufa likabaki linawaka kijani na nyekundu kwenye kigiza cha turubai, na sauti yangu, maana feni zimenyamaza, ikawa safi kabisa.

"Lakini sikiliza, habari yenyewe ni hii. Mie Muhimbili siendi, shoga. Nimeshathibitisha Morogoro. Samaki! Namba nimeweka, imekubali. Mama akijua atanikaanga na mimi. Nasikia wanataka kunifanyia jambo. Mie nasubiri tule pilau kwanza, ndiyo niseme."

Halafu busu. Nilimaliza ile voisi kwa busu, mwaa. Sabufa nalo likalitoa na besi yake.

Hakuna aliyesema kitu. Ustadhi, aliyekuwa ameshaomba mikono ya Dokta iwe ya kuponya, akakohoa akasema Mwenyezi Mungu anajua zaidi nia za waja wake. Mama alikuwa kashika upawa. Nikaangalia upawa, sikuangalia uso. Bibi yangu ndiye aliyeokoa jahazi: "Kwani pilau si lipo? Kuleni."

Watu wakala. Bagamoyo hatuachi pilau kwa sababu ya habari.

Baba alimaliza sahani yake, akanawa, akaniita mbele ya wote. Nikajiandaa. Akaniuliza kwa utulivu kabisa, swali la nahodha: "Morogoro ni milima. Samaki wamepandaje huko?"

Nikaeleza habari ya mabwawa, sato na kambale, kwamba ufugaji hauhitaji bahari. Akasikiliza. Akasema kama ni samaki, chuo cha uvuvi kipo hapo Mbegani, naweza kwenda na bajaji nikarudi kula mchana. Watu wakacheka, na hapo nikajua sitachapwa.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama hakusema nami, akawa ananiongelesha kupitia paka ("Paka, mwambie huyo mfuga samaki maji yamechemka"). Mjomba wa Dar alipiga simu akasema kuna njia ya kuondoa uthibitisho nirudi Muhimbili. Baba akamjibu kwamba mbuzi hawezi kuchinjwa mara mbili. Nikaenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba, nimevaa buibui na macho chini. Mama wa kikoba kanisamehe ila kasema mumewe sasa anakwenda na funguo ya jikoni kulala. Mzee wa nyumba ya kona nikimwamkia anaitikia huku anaangalia mnazi. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba bawasiri ni ugonjwa wa kawaida, unatibika, aende hospitali ya wilaya akamwone daktari wa kweli. Akaniuliza kama huko nako kuna sabufa. Ba'mdogo simtaji. Tangu siku ile anavaa kofia hata akiwa anaoga, nadhani.

Mama aliporudi kunisemesha moja kwa moja alikuja na sharti moja. Ninaweza kwenda Morogoro, lakini hapa mtaani jina la Dokta halifutwi, koti limeshanunuliwa. Kwa hiyo sasa hivi pale sokoni natambulishwa kama daktari wa samaki, na msinicheke, maana mambo yameshaanza. Juzi nipo na Mama mezani kwake, mnada umepamba moto, akaja baba mmoja mnunuzi, kakunja uso, kashika kibua kwa mkia. Akanisogezea mpaka puani.

"Dokta, mtazame huyu. Macho yamezama, matamvua hayana rangi. Ana tatizo gani?"

Nikamshika, nikamfunua matamvua, nikambonyeza ubavu kwa kidole, kishimo kikabaki. Nikamwambia, "Mzee, huyu amekufa. Tena si leo."

Kadai arudishiwe pesa yake, na aliyemuuzia ni mama yangu.