Loya wa ploti awe wako, na aje kabla ya dipoziti

Mtu akitaka kununua ploti hapa Pwani ya Kenya swali la kwanza analouliza ni loya anachukua pesa ngapi, na mimi naona hilo ndilo lingekuwa la mwisho, la kwanza ni huyo loya ni wa nani. Manake mtindo wa huku tunaujua, dalali anakuonyesha kiwanja Mtwapa ama Utange, mnapatana bei, halafu anakwambia usihangaike kutafuta wakili, mwenye ploti anaye wake, atawaandikia nyote wawili na gharama mtagawana. Watu wanafurahi kwamba wamepunguziwa. Jamani, huyo loya amezoeana na muuzaji, ameletwa na muuzaji, sasa siku muuzaji akichelewesha makaratasi ama ikajulikana kiwanja kina kesi, atamwandikia nani barua ya kumdai? Hata kama ploti ni ya laki nne tu, mnunuzi awe na wakili wake mwenyewe, na awe ameshamuona kabla hajatoa hata shilingi. Wengi wanamwendea mwisho, pesa zishatoka, eti apige muhuri tu.

Kuna wanaouliza kwani lazima, si chifu ama mzee wa mtaa anaweza kutuandikia? Sheria ya mikataba ya Kenya inasema makubaliano ya kuuza ardhi yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote na kila sahihi iwe na shahidi. Kwa hivyo ile karatasi ya kwa chifu inaweza kuonyesha kwamba mlipatana, lakini haikufanyi wewe kuwa mwenye ardhi, umiliki unahama siku uhamisho unaposajiliwa kwenye ofisi ya ardhi, na kabla ya hapo kuna cheti cha reti kutoka kaunti, yaani kwamba kodi ya kaunti imelipwa, kama ni lizi, yaani ardhi ya kukodishwa na serikali kwa miaka, kuna kodi ya ardhi ya serikali, kuna ridhaa ya mume au mke wa muuzaji hata kama hati ina jina la mmoja na wao wanaishi hapo. Kama ni shamba la kilimo, mfano huko Kilifi au Kwale, kuna idhini ya bodi ya ardhi, ombi lake lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane, na bila hio idhini mauzo ni batili, unabaki kudai pesa zako kama deni la kawaida. Nimeona watu wamejenga na hio idhini hawajawahi kuisikia.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikize vizuri. Mtu anakwambia "nimefanya sachi, jina limetoka la muuzaji, iko safi". Sachi, yaani kuulizia kiwanja kwenye rejista ya ofisi ya ardhi, inakuonyesha nani ameandikwa leo na kama kuna zuio ama mkopo wa benki, basi. Haikwambii huyo wa leo alipata kwa nani, na huyo naye alipata vipi. Kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa ingetosha kutufunza sote. Kiwanja kiko Nyali upande wa baharini, kampuni ilikinunua kikiwa na hati, aliyewauzia alikuwa na hati, na wa kwanza kabisa kugaiwa, mwaka 1989, alikuwa rais wa wakati huo Daniel arap Moi. 2017 kaunti ikaja ikabomoa ukuta kufungua njia ya watu kwenda ufuoni. Wakaenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 majaji wakasema ile ardhi ilikuwa imetengwa kwa umma toka mwanzo, ugavi wa kwanza haukufuata sheria, kwa hivyo hati zote zilizozaliwa hapo hazina nguvu na hata aliyenunua kwa nia njema halindwi. Mwambie loya wako afukue faili mpaka mwanzo, aitishe barua ya ugavi, ramani ya upimaji, na mpima ardhi aende akazione bikoni, yale mawe ya mipaka, kwa macho. Akikwambia sachi inatosha, tafuta mwengine.

Swali lingine ni la mirathi, na hili linaumiza familia vibaya sana. Baba amefariki, hati bado ina jina lake, watoto wanataka kuuza, mnunuzi anawaona wote wamekubaliana na hata wamepiga picha pamoja. Haitoshi. Sheria ya mirathi hairuhusu kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama kuthibitisha usimamizi wa mali, na kwa sisi Waislamu wengi wanalipitisha kwa Kadhi, sawa kabisa, lakini karatasi ya mahakama lazima iwepo na jina la anayekuuzia liwemo. Mara nyingi kuna dada aliyeolewa mbali ama mtoto wa mke mwengine ambaye hakuulizwa, na haki yake haifi kwa sababu nyinyi mmeshajenga.

Halafu kuna nyumba bila ardhi, hili la kwetu Mombasa. Unauziwa nyumba ya Kiswahili Majengo au Kisauni, unaonyeshwa vyumba sita na wapangaji wake, bei inavutia, lakini ardhi ni ya mtu mwengine na wewe utakuwa ukimlipa kodi ya ardhi. Sisemi usinunue, watu wameishi hivyo vizazi na vizazi na wamesomesha watoto kwa kodi ya vyumba. Nasema loya wako amjue mwenye ardhi, aone risiti za kodi, aulize kama ukitaka kujenga ghorofa utaruhusiwa, na kama mwenye ardhi akiuza wewe utakuwa wapi, na hayo yote yaandikwe.

Dipoziti kawaida ni asilimia 10, na mahali pake ni akaunti ya wateja ya loya wa muuzaji, aishike kwa niaba ya nyote wawili mpaka kazi iishe, sio mkononi mwa muuzaji na sio kwenye simu ya dalali. Waandike kwenye agrimenti inarudi vipi kazi ikikwama, na siku za kumaliza, wengi huweka 90. Wale ndugu zetu walioko Saudia, Oman na Qatar wanaotuma pesa za ploti, tafadhali zipitie kwa loya wenu, na ukimpa mtu wa nyumbani mamlaka ya kukutilia sahihi, loya ahakikishe karatasi hio imesajiliwa na inataja ploti moja tu.

Kuhusu ushuru, mnunuzi ndiye analipa ushuru wa stampu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na kiwango kinapigwa kwa thamani atakayoiona mthamini wa serikali, kwa hivyo ile tabia ya kuandika bei ndogo kwenye agrimenti haikusaidii, na siku ukidai pesa zako utadai ile ndogo. Muuzaji naye analipa asilimia 15 ya faida, ilikuwa 5 mpaka mwisho wa 2022, basi kama unafikiria kuuza anza leo kukusanya risiti za ulivyonunua na ulivyojenga, loya wako atazihitaji kabla hajakupigia hesabu ya KRA, mamlaka ya ushuru.