Bill Withers hakuukimbia muziki

Mazungumzo ya wapenzi wa muziki wa soul yakimfikia Bill Withers, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, majuto huwa yaleyale: alikitupa kipaji chake. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971, ya nane ya studio na ya mwisho mwaka 1985. Baada ya hapo hakutoa nyingine mpaka alipofariki Los Angeles tarehe 30 Machi 2020, akiwa na umri wa miaka 81. Anayeupenda wimbo wa Lean on Me ana haki ya kuuliza mtu mwenye kalamu ile alikaaje miaka 35 bila kuturudia.

Wanaomlaumu wana hoja yenye uzito, tena wana mfano mzuri. Mwimbaji Aretha Franklin naye aliwahi kuwa chini ya Columbia, kampuni ileile ya kurekodi iliyokuja kumchukua Withers, na miaka yake huko haikumfikisha mbali. Hakuacha kuimba. Alihamia Atlantic, na mwaka 1967 akawa Aretha tunayemjua. Kwa nini Withers naye asihame? Kampuni za kurekodi zilikuwa nyingi, jina lake lilikuwa kubwa, na mkataba ulipokwisha hakuwa hata na miaka 50. Wanaongeza kwamba msanii ana wajibu kwa wasikilizaji waliomlea, na kwamba kususa huwaadhibu hao kuliko wakubwa wa kampuni.

Hoja hiyo, hata hivyo, inachukulia kwamba Withers alikuwa mtu wa muziki tangu utotoni, asiye na maisha mengine. Alizaliwa mwaka 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, akakulia Beckley jirani na hapo. Alikuwa na kigugumizi kilichomsumbua hadi utu uzima. Alitumikia jeshi la majini miaka 9. Alipoingia studio kurekodi albamu ya kwanza, chini ya mtayarishaji Booker T. Jones, alikuwa ameshavuka miaka 30 na anafanya kazi katika kiwanda cha vyoo vya ndege. Picha ya jalada la albamu hiyo inamwonyesha kiwandani, mkononi kashika kisanduku chake cha chakula cha mchana. Ain't No Sunshine ilianza kama upande wa pili wa santuri. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza na kuipiga. Hata baada ya wimbo kuvuma, hakuharakisha kuacha kazi, kwa sababu hakuiamini biashara ya muziki. Mtu wa namna hiyo alijua tangu siku ya kwanza kwamba anaweza kuishi bila jukwaa. Wengi wa wenzake hawakuwa na uhuru huo, na nadhani hapo ndipo tunapomkosea, tunapodhani kila mwimbaji akinyamaza basi kashindwa.

Lakini kinachonikera zaidi ni miaka ile 7 isiyotajwa. Kampuni yake ya kwanza, Sussex, ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, alihamia Columbia na kutoa albamu kila mwaka: 1975, 1976, 1977, 1978. Kisha kimya mpaka 1985. Kimya hicho hakukichagua. Alikuwa bado yumo ndani ya mkataba, na kwa maelezo yake mwenyewe, wakuu wa kampuni walizikataa nyimbo alizowapelekea, wakataka aongeze tarumbeta na sauti za kike za kuitikia. Kuna aliyemshauri arudie In the Ghetto, wimbo uliovumishwa na Elvis Presley. Wazia: mtu aliyeandika Grandma's Hands kwa mistari michache isiyosahaulika anapewa wimbo wa mwingine, kana kwamba hana lake la kusema.

Na je, nyimbo zake zilikuwa zimekwisha ladha? Jibu lipo katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1980 aliimba na kundi la The Crusaders. Mwaka 1981 aliimba Just the Two of Us na mpiga saksafoni Grover Washington Jr., wimbo alioshiriki kuuandika. Ulitoka Elektra, si Columbia. Ulipanda hadi nafasi ya 2 katika chati kuu ya Marekani na kumpatia tuzo ya Grammy ya utunzi. Maana yake, wakati kampuni yake inaona hana wimbo wa kuuza, kampuni ya pili inauza wimbo wake dunia nzima. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sioni linavyoweza kuwatetea Columbia.

Aliyemwona Kinshasa Septemba 1974, katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, anajua ni nini wakuu hao hawakukielewa. Jukwaa lilikuwa na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Franco. Withers alikaa na gitaa lake, akaimba Hope She'll Be Happier kwa upole mtupu, na haikuhitaji tarumbeta.

Kuhusu kuhama kama Aretha, tofauti ni hii: Aretha alikuwa na miaka 24 alipoondoka Columbia. Withers mwaka 1985 alikuwa na miaka 47, ana mke na watoto wawili, na nyimbo zake zinaendelea kumlisha. Mkewe Marcia alisimamia kampuni yao ya haki za nyimbo. Mwaka 1987 kundi la Club Nouveau liliirudisha Lean on Me kwenye namba 1, na mwaka uliofuata Withers akapata Grammy nyingine kama mtunzi. Wala kalamu haikukauka kabisa: Jimmy Buffett alirekodi nyimbo zake mwaka 2004.

Nakubaliana na wanaomlaumu kwa jambo moja tu, kwamba tumekosa muziki. Ila muziki ninaoulilia mimi ni ule wa kati ya 1978 na 1985, alipokuwa katika miaka yake ya arobaini, ana nyimbo mkononi na anataka kurekodi. Waulizwe waliomfungia studio. Miaka iliyofuata ilikuwa yake, na aliitumia nyumbani, alikotaka kuwa.