Wavu wa Dirisha Ukishuka, Bado Hatujajua Kitu

Kila gari la NASCAR, mbio za magari za Marekani, lina wavu kwenye dirisha la dereva. Ajali ikitokea, macho ya uwanja mzima huenda hapo. Dereva akiufungua ukaanguka, maana yake yu hai, ana fahamu zake, anaweza kunyanyua mkono. Watu wanapiga makofi, mtangazaji anashusha pumzi, na baada ya dakika chache dereva anatoka kwa miguu yake mwenyewe akilipungia jukwaa. Basi, yamekwisha. Magari yanapangwa upya nyuma ya gari la usalama na mbio zinaendelea.

Naupenda mchezo huu sana, na ndiyo sababu nasema bila kuzunguka: tabia ya kupima ajali kwa macho imewaua madereva, na imewaharibia maisha wengine ambao bado wako hai. Tumejenga kuta bora na viti bora. Tabia yenyewe hatujaiacha.

Kwa wasioufuatilia: haya ni magari ya tani moja na nusu hivi, kwa umbo yanafanana na magari ya kawaida ya dukani, yanazunguka bampa kwa bampa kwenye lami iliyoinuliwa pembeni. Pale Daytona, Florida, kona zimelazwa nyuzi 31. Ukisimama chini yake kwa miguu unahitaji mikono kuipanda. Gari moja likiyumba kidogo, kumi na tano yanaweza kukusanyana.

Tarehe 18 Februari 2001, siku ya mbio za Daytona 500, watu waliona ajali mbili. Ya kwanza ilikuwa raundi ya 173. Magari kumi na manane yaligongana, na gari la dereva Tony Stewart likaruka hewani, likajizungusha juu ya wenzake na kurudi chini likiwa limesambaratika. Mbio zilisimamishwa kabisa. Ukiitazama ile video unasema huyu hakuna namna. Stewart alipelekwa hospitali, akatoka, na wiki iliyofuata alikuwa kwenye gari.

Ya pili ilikuwa raundi ya mwisho, kona ya 4. Dale Earnhardt, bingwa mara saba, alikuwa nafasi ya tatu. Mbele yake alikuwa Michael Waltrip, aliyekuwa akiendesha gari la timu ya Earnhardt mwenyewe, na mwanawe Dale Jr. Gari jeusi la Earnhardt, nambari 3, liliguswa nyuma, likayumba kushoto, kisha likapanda kuelekea ukutani kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa, likagonga na kuteremka hadi kwenye nyasi pamoja na gari la dereva mwenzake Ken Schrader. Halikupinduka wala kushika moto. Wengi walikuwa tayari wanamtazama Waltrip akishangilia ushindi. Wavu wa nambari 3 haukushuka. Schrader alitoka garini, akaenda kuchungulia dirishani kwa mwenzake, na hapohapo akaanza kuwapungia mikono waokoaji waje mbio.

Earnhardt alikufa kwa kuvunjika kitako cha fuvu, pale fuvu linapokalia uti wa mgongo. Ripoti ya NASCAR iliyotoka Agosti mwaka huohuo ilitaja pia mkanda uliokatika, na watu walibishana juu ya mkanda huo kwa miaka. Mimi ule ubishi naona uliwapotezea muda. Gari lake liligonga ukuta wa zege, na zege halisogei. Kiwiliwili kilifungwa kwenye kiti, lakini kichwa chenye helmeti nzito hakikufungwa na chochote. Kikaendelea mbele peke yake, na shingo ndiyo iliyobeba mzigo wote.

Hapo ndipo penye siri ya ajali mbili zile. Kinachoumiza mwili ni mwendo kukatika ghafla. Gari linalobingirika linapoteza mwendo kidogokidogo: paa linakunjwa, boneti inang'oka, tairi linakwenda zake, nyasi zinachimbika. Kila kipande kinachoruka kimechukua sehemu ya nguvu ambayo ingemfikia dereva. Zoezi zima linaweza kuchukua sekunde kadhaa, ilhali gari linalogonga zege linamaliza kila kitu kabla hujapepesa jicho. Jicho letu linahesabu vipande vinavyoruka. Ubongo wa dereva unahesabu muda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwapo. Tangu miaka ya 1980, profesa Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Michigan State, pamoja na shemeji yake Jim Downing ambaye alikuwa dereva wa mbio, walikuwa wametengeneza kifaa cha HANS. Ni kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, na kamba mbili fupi zinaiunganisha na helmeti kushoto na kulia. Gari likigonga, mikanda inaishika kola, kola inaishika helmeti, kichwa kinasimama pamoja na mwili. Wanaofuatilia Safari Rally pale Naivasha wamekiona mara nyingi mabegani mwa dereva na navigeta wake. Mwaka 2001 madereva wengi wa NASCAR hawakukitaka. Walisema kinabana, kinawazuia kugeuza shingo, kitawachelewesha kutoka gari likiwaka. Earnhardt mwenyewe hakukitaka.

Na onyo lilikwisha kutolewa. Adam Petty, kijana wa miaka 19, kizazi cha nne cha familia ya Petty katika mchezo huu, alikufa Mei 2000 kwenye mazoezi pale New Hampshire. Kenny Irwin akafa Julai, uwanja uleule, kona ileile. Tony Roper akafa Oktoba baada ya ajali ya Texas. Wote hao walipigwa kichwani na shingoni. Kisha Earnhardt. Hata hivyo bado haikutosha: ilibidi Blaise Alexander naye afe Charlotte mwezi Oktoba 2001, kwenye mbio za ARCA, mfululizo mwingine wa mbio za magari Marekani, ndipo wiki mbili baadaye NASCAR ikalazimisha kila dereva wa ngazi zake za juu avae kifaa cha kuzuia kichwa. Mtu akiniambia mchezo huu unajali usalama, namwomba azipange tarehe hizo kwa mfululizo azisome polepole.

Baada ya hapo kazi ilifanyika kweli, na lazima niiseme. Dean Sicking na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nebraska-Lincoln, watu waliokuwa wakitengeneza vizuizi vya barabara kuu, walibuni ukuta wa SAFER: maboksi ya chuma yaliyochomelewa pamoja, nyuma yake sponji ngumu ya plastiki, ndipo zege. Ulifungwa kwa mara ya kwanza Indianapolis mwaka 2002. Gari likigonga, chuma kinarudi nyuma na sponji inabonyea. Dereva anapewa nafasi ndogo tu ya ziada ya kusimamia, na nafasi hiyo ndiyo uhai wake. Viti vikabadilishwa vikakumbatia mbavu na kichwa. Magari yakafungwa vifaa vya kurekodi nguvu ya mgongano. Tangu siku ile ya Daytona, hakuna dereva aliyekufa katika mbio za ngazi tatu za juu za NASCAR. Kwa magari yanayokwenda mwendo ule, wikiendi baada ya wikiendi, hilo ni jambo kubwa sana.

Watu wengi humtaja Michael McDowell wakizungumzia mafanikio haya. Aprili 2008, Texas, alipoteza gari wakati wa kupanga nafasi za kuanzia, akabingirika mara nane, akatoka akitembea, na Jumapili akashiriki mbio kwa gari la akiba. Video inaonyeshwa kila mwaka, na kila mwaka wanahesabu yale mabingiriko. Itazameni tena kuanzia mwanzo. Kabla ya bingiriko la kwanza gari liliuvaa ukuta karibu kwa uso mzima. Sekunde ile moja, ambayo watazamaji hawaikumbuki, ndiyo ingemuua mwaka 2000. Ukuta wa SAFER na kola ya shingoni ndivyo vilivyomwokoa. Mabingiriko yaliyofuata yalikuwa ya kumalizia mwendo tu.

Mazoea ya kukisia kwa macho yalirudi tena Februari 2015, pale Kyle Busch alipogonga ukuta wa ndani wa Daytona, zege tupu bila SAFER, akavunjika mguu wa kulia na unyayo wa kushoto. Sehemu ile ilidhaniwa magari hayafiki. Usiku uleule uongozi wa uwanja uliahidi kufunika kila sehemu. Pesa za kufanya hivyo zilikuwapo jana yake pia.

Sisemi kwamba ajali ya kutisha haiwezi kuwa mbaya kweli. Ryan Newman, Februari 2020, gari lake lilikuwa limepinduka hewani wakati gari la Corey LaJoie lilipompiga upande wa paa na dirisha, mahali ambapo hakuna cha kukunjika kati ya bampa na kichwa cha mtu. Juu ya kichwa chake palikuwa na chuma cha ziada kilichoongezwa kwenye fremu kwa sababu Newman huyohuyo alikipigania baada ya ajali zake za zamani. Siku mbili baadaye alitoka hospitali akitembea, amewashika mikono binti zake wawili. Nakumbuka nilivyoshukuru. Lakini tukumbuke pia kwamba chuma kile kilipatikana kwa sababu dereva alilalamika na mara hiyo akasikilizwa.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 2022 NASCAR ilileta gari jipya, Next Gen. Chasisi yake ilikuwa imara mno, hasa nyuma. Madereva walianza kusema mapema kwamba migongano ya kinyumenyume, ile ya kawaida isiyomtisha mtu, inawaumiza kuliko zamani. Kevin Harvick na Denny Hamlin walilisema hadharani. Gari lilikuwa kama kopo la chuma lenye yai ndani: unaliangusha, kopo halina hata mbonyeo, yai limepasuka.

Julai 2022, uwanja wa Pocono, Kurt Busch, kaka yake Kyle na bingwa wa 2004, aliserereka wakati wa kupanga nafasi na kugonga ukuta kwa nyuma. Ukiiona unasema fundi atabadilisha vipande viwili vitatu. Ulikuwa mtikisiko wa ubongo, na Busch hakushindana tena katika ngazi hiyo. Septemba, Texas, Alex Bowman aligonga vilevile kwa nyuma. Akasema redioni kwamba hajawahi kugonga kwa nguvu namna ile, kisha akaendelea na mbio hadi mwisho. Dalili zilimkaba katikati ya wiki. Akakosa mbio tano. Ndipo vyuma vya nyuma vikapunguzwa ukakamavu kwa msimu wa 2023 ili vikunjike.

Bowman alifika mwisho wa mbio. Kwa vipimo vyetu vya jukwaani alikuwa mzima. Wavu, kutembea, kupunga mkono, vyote hivyo vinatuambia mifupa iko salama. Ubongo hauonekani dirishani. Dale Earnhardt Jr. alijua hilo kwa mwili wake: mwaka 2012 alificha mtikisiko wa kwanza hadi alipopata wa pili, na mwaka 2016 alilazimika kukaa nje nusu ya msimu. Kama yeye, mtoto wa mtu aliyekufa mbele ya macho ya nchi nzima, aliona ni heri anyamaze, kijana anayetafuta mkataba wake wa kwanza atasema nini? Kiti chake kina watu kumi wanaokisubiri.

Kwa hiyo ningetaka mambo mawili. Dereva aliyepata mgongano mkubwa, kwa kipimo cha kifaa kilichomo garini na si kwa sura ya gari, apimwe tena siku ya tatu, iwe lazima, hata kama alimaliza mbio na anajisikia vizuri. Asiulizwe kama anataka. Na kipimo hicho kitangazwe. Mwendo wa magari tunauona kwenye runinga kila raundi, mafuta yaliyobaki tunaambiwa, sekunde za kubadilisha tairi tunahesabiwa. Nguvu iliyompiga mtu aliye ndani ya gari ionyeshwe papo hapo pembeni ya marudio ya ajali, kwa tarakimu, na watangazaji waizungumzie kabla hawajasema kwamba ametoka salama.