Tiba ya Kiyunani ipimwe kwa kanuni za Ibn Sina mwenyewe

Mgonjwa anayekwenda kwa tabibu wa Kiyunani mjini Delhi, Hyderabad au Karachi hushikwa kwanza kifundo cha mkono. Tabibu husikiliza mshipa, huuliza habari za mkojo na choo, kisha hutaka kujua mgonjwa analala saa ngapi, anakula nini usiku na ana jambo gani linalomsumbua moyoni. Utaratibu huo una asili kwa Hippocrates na Galen, matabibu wa Kigiriki wa kale, na ndiyo maana tiba hii ikaitwa ya Kiyunani, yaani ya Kigiriki. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq na wenzake wa Baghdad walivitia vitabu vya Galen katika Kiarabu, tabibu na mwanafalsafa Ibn Sina akaipanga upya elimu hiyo yote katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb mnamo mwaka 1025, na baadaye ikaota mizizi Bara Hindi chini ya masultani na watawala wa Kimughal.

Msingi wake ni majimaji manne ya mwili: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Kila moja lina sehemu yake ya joto au baridi, unyevu au ukavu. Uwiano wake ndio unaompa kila mtu mizaj yake, yaani hali yake ya asili ya mwili. Ukivurugika, mtu huugua. Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki hawatazishangaa fikra hizi, kwa kuwa nasi tumekua tukiambiwa kipi chakula cha joto na kipi cha baridi, na tunaijua chuku, ile pembe ya kuumikia damu, tangu kabla ya vibao vya hijama kujaa mitaani.

Nadharia hiyo haikubaliki tena, na ni vizuri kusema hivyo bila kuzunguka. Nyongo nyeusi kama jimaji linalojitegemea mwilini haijapatikana. Homa ya matumbo husababishwa na bakteria. Wapo watetezi wanaosema majimaji manne yalikuwa namna ya zamani ya kuzungumzia homoni na kinga ya mwili. Utetezi huo unalinda jina tu, maana Galen alikusudia majimaji halisi, na juu yake alijenga matibabu ya kumtoa mtu damu.

Hoja ya pili ya watetezi ni umri: dawa iliyotumika miaka elfu haiwezi kuwa bure. Historia ya kutoa damu inaijibu. Ulaya nayo ilirithi desturi hiyo kwa Galen na kuishikilia karne nyingi, mpaka daktari Pierre Louis wa Paris alipoanza kuwahesabu wagonjwa wa nimonia na kulinganisha waliotolewa damu mapema na waliochelewa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1835 hayakuonyesha faida kubwa iliyokuwa ikisifiwa. Madaktari werevu, wenye nia njema, walikuwa wameona kwa macho yao wagonjwa wakipona, na hawakuhesabu waliokufa.

Lakini wanaoitupa tiba hii yote kapuni nao wana la kujibu. Hakim Ajmal Khan, tabibu wa Kiyunani wa Delhi aliyefariki mwaka 1927, alitaka dawa za jadi ziingie maabara. Mmoja wa wanasayansi aliowaunga mkono, Salimuzzaman Siddiqui, aliuchunguza mzizi wa Rauwolfia serpentina, uliotumiwa na matabibu kwa kukosa usingizi na wazimu. Mwaka 1931 alitenga humo kemikali aliyoiita ajmaline kwa heshima ya Ajmal Khan, na baadaye ikawa dawa ya mapigo ya moyo yaliyovurugika. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alieleza katika jarida la Uingereza jinsi mzizi huohuo ulivyoshusha shinikizo la damu. Mwaka 1952 reserpine ilitengwa humo, ikatumika hospitalini duniani kote. Matabibu wa zamani walikuwa wameona kitu cha kweli. Maelezo yao ndiyo yaliyokosea, na kipimo salama kilijulikana baada ya maabara kufanya kazi yake.

Upande mwingine wenye thamani ni mambo sita ambayo matabibu wa Kiyunani huyaona ya lazima kwa afya: hewa, chakula na kinywaji, mwendo na mapumziko ya mwili, mwendo na utulivu wa nafsi, usingizi na kukesha, na kutoa au kuzuia yanayopaswa kutoka mwilini. Kwa mwenye kisukari au presha, orodha hii ina maana leo kuliko zama za Galen. Daktari wa hospitali anayajua hayo yote. Anachokosa, foleni ikiwa ndefu, ni muda wa kuyauliza. Nafasi hiyo tabibu anaijaza vizuri, na hahitaji nyongo nyeusi ili kuijaza.

Hatari kubwa naiona kwenye kushta, yaani madini yaliyochomwa yakawa unga wa dawa. Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi iliyo jirani yake, ina dawa za aina hiyo pia, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston. Sumu hiyo haiulizi mizaj ya mtu.

India ina wizara ya tiba za jadi tangu 2014, Afrika Kusini inawasajili matabibu wa Kiyunani kisheria, na Januari 2024 Shirika la Afya Duniani lilizindua mjini New Delhi orodha ya kuainisha maradhi yanavyotajwa katika tiba hii. Orodha hiyo inarahisisha kuhesabu wagonjwa. Haisemi dawa gani inaponya.

Cha kusema hilo kipo ndani ya Al-Qanun yenyewe. Ibn Sina aliweka masharti ya kuijaribu dawa: ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine, matokeo yajirudie, na ijaribiwe kwa binadamu, kwani inachomfanyia simba au farasi huenda isimfanyie mtu. Muuzaji anayenadi chupa moja ya mafuta ya habasoda kwa kisukari, ugumba na saratani, huku akilitaja jina la Ibn Sina, amevunja sharti la ugonjwa mmoja kabla hata ya kufungua kizibo. Serikali inayompa leseni imtake aonyeshe ni ugonjwa gani, kwa kipimo gani, na kwa wagonjwa wangapi.