Bwana Digital Camera na Wenzake

Kwa asubuhi moja nzima, mpiga picha hodari kuliko wote kwenye tovuti yetu ya samani aliitwa Digital Camera. Kitanda cha watu wawili, picha na Digital Camera. Kabati la nguo, picha na Digital Camera. Hata kile kiti cha ofisini kinachozunguka kilikuwa na jina lake chini kwa rangi ya kijivu, herufi kubwa tupu, jina la mtu anayejijua.

Chanzo cha yote ni barua pepe ya mwanamama mmoja mstaarabu sana. Aliandika kwamba picha ya meza ya kulia iliyopamba ukurasa wetu wa mbele ameipiga yeye. Hakudai hata senti. Picha ameitoa kwa leseni ya Creative Commons, ile ya CC BY, ambayo hata mfanyabiashara anaruhusiwa kuitumia bure, mradi amtaje aliyeipiga, aweke kiungo cha leseni, na aseme kama picha imebadilishwa. Kwenye tovuti hapakuwa na jina wala kiungo, na meza yenyewe ilikuwa imegeuzwa kushoto kulia ili kibandiko cha bei kipate pa kukaa.

Bosi aliisoma barua amesimama. Alipofika kwenye neno "leseni" akakaa.

Nikamtuliza kwamba toleo la 4.0 la leseni hiyo, lililotoka mwaka 2013, lina huruma: ukirekebisha kasoro ndani ya siku 30 tangu uigundue, ruhusa yako inarudi.

"Siku 30 za nini?" akafoka. "Kesho asubuhi! Kila picha iwe na jina la aliyeipiga. Kila picha! Hata ya yule paka kwenye kochi."

Mimi kazi yangu pale ni kujibu barua za wateja, lakini nilitoa wazo langu: tukae, tufuatilie picha moja moja imetoka wapi, na zile zenye alama ya NC tuzitoe kabisa, maana hizo haziruhusiwi kwenye biashara hata ukimtaja mpiga picha pamoja na babu yake. Fundi wa tovuti akanicheka. Picha ya kidijitali, alisema, hubeba taarifa zake tumboni: tarehe iliyopigwa, aina ya kamera, na wakati mwingine jina la mpiga picha. Yeye ataandika programu ndogo izisome na kuzibandika chini ya kila picha, sisi tukalale. Na jina lisipopatikana? Programu itachukua chochote kilichoandikwa kwenye sehemu ya maelezo.

Hapo kwenye "chochote" ndipo tulipozikwa.

Kuna kamera ambazo sehemu hiyo hujijazia zenyewe, kila picha, bila kuombwa na mtu. Ndiyo asili na fasili ya Bwana Digital Camera. Lakini hakuwa peke yake. Stuli tatu zilipigwa na Admin. Rafu ya vitabu ilipigwa na mtu aitwaye Haki Zote Zimehifadhiwa. Kochi la kona, ambalo ndilo ghali kuliko vyote, lilikuwa na maandishi haya: Picha na Usitumie Hii.

Kisha ukurasa wa "Kuhusu Sisi". Pale pana picha ya Bosi amevaa suti, amekunja mikono, uso wa mtu mwenye mipango. Aliyempiga ni mpwa wake, kwenye sherehe ya familia, na mpwa huyo ana tabia nzuri ya kuandika maelezo kwenye picha zake. Kwa hiyo tangu alfajiri ulimwengu mzima ulisoma: Picha na Mjomba Akisubiri Chakula. Barua ya kwanza niliyofungua siku hiyo ilitoka kwa mteja aliyetaka kujua kama Mjomba ameshakula.

Bosi mwenyewe alikuwa hajafika huko. Alikuwa amenaswa na vitanda.

"Huyu Digital ana jicho," aliniambia. "Mtafute. Nataka atupigie katalogi nzima."

"Mzee, huyo si mtu. Ni kamera."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo picha ni mali ya kamera?"

Msimcheke. Swali la aina hiyo limewahi kufika mahakamani Marekani, tena mhusika akiwa nyani. Huko Indonesia nyani mmoja alijipiga picha kwa kamera ya Mwingereza David Slater, na mwaka 2015 shirika la kutetea wanyama likafungua kesi kwa niaba ya nyani huyo, likimwita Naruto, kudai hakimiliki ni yake. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema sheria ya hakimiliki haimpi mnyama nafasi ya kushtaki. Nilimsimulia Bosi kisa hicho chote. Alichoambulia ni kwamba nyani alikuwa na wakili na sisi hatuna.

Wakati huo ndipo ilipoingia barua ya pili ya yule mama. Chini ya meza yake sasa kulikuwa na jina, jina la mtu kabisa, la kwanza na la ukoo. Fundi alikuwa akijivunia hilo tu. Tatizo, jina lilikuwa la mwanamume.

"Huyo bwana mliyemwandika namfahamu," aliandika mama. "Ndiye aliyeniuzia kamera."

Kumbe kwenye kamera nyingi mwenyewe huweza kuandika jina lake kwenye menyu, na jina likishaingia hubaki humo humo, likijibandika kwenye kila picha, hata kamera ikiuzwa. Mama alikuwa hajawahi kufungua sehemu hiyo. "Na aliiuza," akaongeza, "kwa sababu kila aliyempiga picha alitoka hana kichwa."

Programu ikazimwa. Nikaandika kwa mkono wangu jina la mama, kiungo cha picha, kiungo cha leseni, na maneno "imegeuzwa kushoto kulia". Picha zisizojulikana zilikotoka zikaondolewa, tovuti ikabaki na mapengo. Paka alisalimika, kwa sababu aliyempiga ni dada wa uhasibu, ambaye alidai jina lake liandikwe yote matatu.

Nilidhani yamekwisha. Jioni ikaingia barua kutoka kwa yule muuza kamera.

"Habari za kazi. Nimeona jina langu limeondolewa, kuna tatizo gani? Kiungo nimeshawatumia ndugu wote, na kuna maharusi wameshanipa kazi ya Jumamosi."

Sikujua nimjibu nini, nikampelekea mama aisome. Alijibu kwa mstari mmoja:

"Waambieni maharusi wachuchumae."