Tripodi ya kuwindia: lipia urefu kwanza

Karibu kila anayeniuliza kuhusu tripodi ya kwenda nayo porini, yaani stendi ya miguu mitatu ya kuwekea darubini, anaanza na swali moja: ina kilo ngapi? Namwelewa. Huku Sikonge na Kaliua, mkoani Tabora, ukishashuka kwenye gari ni miguu tu. Sheria haikuruhusu kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, na nyayo za mbogo hazikuulizi kama umechoka. Kilo tatu za chuma ulizobeba kwa furaha alfajiri, kufika saa sita mchana umeshamtwika kijana wa kambini, na siku inayofuata zinabaki garini. Kwa hiyo wepesi una maana yake. Lakini kwa msitu wetu wa miyombo nasema kipimo cha kwanza ni urefu, na kilo zinakuja nyuma yake.

Sababu ni nyasi. Uwindaji wa kitalii unapofunguliwa Julai, mahali ambapo moto haujapita nyasi zinamfunika mtu mzima. Tripodi nyingi zinazosifiwa kwa wepesi zimebuniwa kwa ajili ya mwindaji wa milimani, yule anayekaa chini upande mmoja wa bonde na kukagua upande wa pili. Kwake miguu mifupi haina hasara, na mtengenezaji akitaka kupunguza gramu, njia rahisi kuliko zote ni kukata urefu. Sasa chukua kitu hicho ukae nacho chini kule Ipole, Sikonge. Utaona mabua, na nyuma ya mabua utaona mabua mengine. Mtu wa sentimita 170 anahitaji miguu inayofika 145 hadi 150 ikiwa imetandazwa, kisha kichwa na darubini juu yake vimfikie machoni akiwa amesimama wima. Chini ya hapo atakunja mgongo, na mgongo uliokunjwa hautazami kwa nusu saa.

Urefu huo nauhesabu bila nguzo ya katikati. Muuzaji atakuonyesha nguzo inavyopanda na kukwambia tripodi inafika mita moja na sabini. Ukiipandisha, umesimamisha kijiti kimoja juu ya miguu mitatu, na upepo mdogo tu unaichezesha picha. Tena nguzo inazuia miguu kulala chini. Kama inafunguka, ing'oe. Umepunguza uzito bila kulipa senti.

Kulala chini kunahitajika kwa sababu ya vichuguu. Tabora hatuna milima ya kukagulia. Tuna vichuguu, vingine vikubwa kiasi cha kuota miti juu yake, na kila mfuata nyayo anayejua kazi yake anapofika ukingoni mwa mbuga anatafuta kichuguu kabla ya kitu kingine chochote. (Nasema mbuga kwa maana ya wenyeji: uwanda wa udongo mweusi unaojaa maji masika na kukauka kiangazi.) Juu ya kichuguu unakaa, mguu mmoja wa tripodi uko mbele kwenye mteremko, miwili iko ubavuni mwako. Ile ambayo miguu yake imefungwa pamoja kwa vijiti vya katikati, kama stendi za wapiga video wa harusi, hapo haina kazi. Kila mguu lazima ufunguke kivyake na usimame kwenye pembe yake.

Wapo wanaosema yote haya ni anasa, kwamba msituni humo mnyama yuko mita themanini na darubini ya mkononi inatosha. Kwa mbogo kwenye kichaka, nakubali. Kwa korongo na palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu, sikubali, maana hapo kazi ni kumtambua dume. Palahala dume mzee utamjua kwa weusi wake, lakini dume kijana bado ana rangi ya hudhurungi kama majike, na majike nao wana pembe. Korongo ndiye mgumu zaidi: dume na jike wanafanana rangi, wote wana pembe, na tofauti unaitafuta kwenye unene wa shina la pembe, shingo na sehemu za siri zilizofichwa na nyasi. Kundi la wanane limesimama kwenye nyasi mpya zilizochipua baada ya moto, mita mia tatu, wanapishana wao kwa wao. Darubini ya 10x42 inaukuza mtetemo wa mkono wako mara kumi kama inavyomkuza mnyama. Iweke juu ya tripodi, nayo itakuonyesha vitu ambavyo darubini kubwa zaidi ikiwa mkononi haivionyeshi. Ningekuwa na fedha ya kununua kimoja, darubini ya bei kubwa au tripodi nzuri ya kuweka chini ya darubini niliyonayo, ningenunua tripodi.

Halafu kuna ndorobo, wale nzi wanaong'ata. Sijasikia mtengenezaji yeyote akilitangaza hili, lakini faida ya tripodi niliyoipenda mapema kuliko zote ni kwamba mkono mmoja unabaki huru. Anayeshika darubini kwa mikono miwili anang'atwa shingoni na hana la kufanya, anaishusha, anajipiga kofi, akiinua tena kundi limegeuka. Na makofi yenyewe yanasikika mbali.

Kuhusu kaboni au alumini, sitakesha. Kaboni ni nyepesi, inatuliza mtetemo haraka, na haichomi mkono Oktoba. Ubaya wake ni bei, na kwamba ikigongwa vibaya inapasuka wakati alumini ingebonyea tu na kazi ikaendelea. Alumini ya kawaida, ukiifunga mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye sehemu za juu za miguu, haiunguzi wala hailii ikigusana na bunduki. Jambo la maana zaidi ni vipande. Mguu wa vipande vitatu ni mgumu kuliko wa vinne au vitano, kwa kuwa kila kipande cha ziada ni chembamba kuliko kilichotangulia, na kile cha mwisho kinakuwa kama bua. Ukikunjwa unabaki mrefu, kweli, lakini huku hatuweki tripodi kwenye begi la ndege kila siku. Tunaitia begani.

Kufuli za miguu za kuzungusha hazinasi kwenye miiba na ziko kimya. Vumbi la Agosti linaingia ndani yake, na tope la mbuga linaingia vibaya zaidi, hivyo lazima uzifungue, uzifute na kuzikausha. Asiyetaka kazi hiyo achukue za kubana kwa kidole. Angalau unaziona kwa macho kama zimefunga, ila zizoeshe kufunguka bila kulia.

Kichwa ndipo watu wanapodanganyika. Kichwa cha gololi ni kidogo na chepesi, ila ukikilegeza ili upekue ukingo wa msitu, kinaanguka upande na darubini inatazama viatu vyako. Kwa kupekua nataka kichwa kinachozunguka kushoto na kulia kwa ulaini, kinachoinama kwa mkono mmoja, basi. Viko vya gramu mia tatu hadi mia tano vinavyotosha kabisa kwa darubini. Usibabaishwe na maandishi kwamba kinabeba kilo kumi na tano. Hiyo ni habari ya kutovunjika, haisemi kitu kuhusu kutotikisika. Kishike dukani, kibane, kisukume kwa kidole.

Sasa kupiga risasi. Hapa natofautiana na mtindo wa siku hizi wa kuibana bunduki kwenye kichwa cha tripodi kama kamera. Kwa bunduki ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi), ambayo ndiyo chini kabisa inayoruhusiwa kwa mbogo, simba na tembo, sitaki kitu kinachoning'ang'ania. Mbogo akigeuka unahitaji bunduki iwe mikononi mwako papo hapo, siyo uanze kutafuta kitasa cha kulegezea. Wafuata nyayo wetu wana vijiti vyao vitatu vya mianzi vilivyofungwa juu kwa mpira, wanavifungua mbele ya mgeni bila mlio, na bunduki inalala juu yake tu. Kwa mita sitini sijaona kilichovishinda, na uzito wake ni wa kucheka.

Tripodi inachukua zamu kwenye mbuga, pale korongo yuko mita mia moja na themanini, hajakuona, na una dakika nzima. Hapo toa darubini, weka pacha ya umbo la V ya kulazia bunduki, egemea mbele kidogo ili uzito wako uikaze miguu ardhini. Ndiyo maana nataka darubini na pacha vyote viwe na bamba la mtindo wa Arca-Swiss, lile linaloteleza na kubanwa juu ya kichwa, vitoke na kuingia kwa kulegeza mara moja. Kabla hujalipa, kagua bawaba ya mbele ya darubini yako: nyingi zina kifuniko kidogo kinachofunguka, na ndani kuna tundu la skrubu la kufungia kishikio. Nyingine hazina, nazo zinahitaji kishikio cha kufunga kwa mkanda, kinachoongeza gramu chache na kulegea kila baada ya mwendo wa gari. Skrubu zenyewe ni robo inchi kwa vifaa vidogo na tatu ya nane ya inchi kati ya miguu na kichwa. Nunua na kipete cha kubadilishia saizi hizo mbili, ni kidogo kama kifungo cha shati, na Tabora mjini hutakipata kwa urahisi.