Mjapani, Mwingereza na Posa ya Kaliua

Gari langu lilitoka Japani likiwa na mwanamke ndani. Simwoni, ila kila nikiwasha injini anazungumza. Sentensi ni moja, ile ile, kwa upole wa yule dada wa dirishani anayekwambia salio halitoshi. Miezi mitatu ya mwanzo nilidhani ananisalimia, na nakiri kwamba mara mbili tatu, nikiwa peke yangu, nilimwitikia.

Fundi umeme mmoja hapa Tabora ndiye aliyenikata stimu. "Anakwambia kadi haijachomekwa," akasema bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye boneti. Kumbe kule kwao barabara kuu za mwendokasi zinalipiwa. Unachomeka kadi ndani ya gari, ukipita getini pesa inakatwa bila kusimama. Sisi tumenunua gari, kadi imebaki kwa mwenyewe, na dada wa watu hajaambiwa kwamba amehama nchi. Wenye magari ya Japani wote wanamjua, basi tu hawasemi. Sikiliza vizuri maneno yake, utasikia "kaado" imekaa pale katikati kama Kiswahili kilichovaa kimono.

Ana na ramani yake kwenye dashibodi, ya Japani tupu. Mimi niko Isevya, hapa hapa Tabora, nanunua vitumbua, kioo kinaonyesha gari liko baharini.

Ndiyo sababu nikanunua kifaa cha pili kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Ni kidogo kama sabuni ya kipande, kina mguu wa mpira unaonyonya kioo cha mbele, na ramani ya Afrika Mashariki nzima imo ndani yake. Huyu anazungumza Kiingereza, kwa sauti ya mwalimu mkuu. Kuanzia hapo gari langu likawa na wanawake wawili wasioelewana, na bado sijamhesabu mke wangu.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunakwenda Kaliua kumposea binamu yangu. Washenga walikuwa Mjomba, mzee wa Urambo, kanzu nyeupe, baraghashia na bakora. Na Shangazi, mwenye kikapu cha barua ya posa, ambacho hakukishusha chini tangu anatoka kwake. Mimi ni dereva tu, lakini kwa kuwa hakuna aliyenizuia, nilivaa suti nyeusi. Miadi ni saa nne asubuhi.

Mtu yeyote wa Tabora angekwambia Kaliua haihitaji kifaa. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita Urambo, inapita Kaliua. Ukifuata vyuma hivyo hata ukiwa umesinzia utafika. Ila kaka wa binti ni mpima ardhi, na alikuwa amenitumia nukta za nyumba yao kwa simu, zile namba za kuonyesha mahali kwenye ramani, kwa nyuzi na dakika, kama anapima kiwanja cha Ikulu. Sasa mtu anakutumia nukta za mpima ardhi, halafu wewe uende kuuliza bodaboda? Nikaziingiza usiku, nikalala usingizi wa mtu msomi.

Saa kumi na mbili na nusu nikawasha gari. Mjapani akasema yake.

"Mwangaluka," Shangazi akaitikia kutoka nyuma, kisha akageuka kumtafuta mgeni kwenye siti.

"Siyo mtu, Shangazi. Ni gari linadai kadi."

"Basi si ulipe hiyo kadi, baba? Asubuhi yote hii mnaanza kudaiwa!"

Sijamaliza kueleza, Mwingereza naye akadakia. Mjomba akauliza huyu wa pili anasemaje. Nikamfasiria: anasema tuelekee magharibi.

"Magharibi," Mjomba akasema. "Kwenda Kaliua. Hilo hata mbuzi analijua."

Hapo nikaona nimpe darasa, maana barabara ni lami na mdomo haukatwi kodi. Nikamweleza kwamba juu huko, kama kilomita 20,000, kuna setilaiti za Wamarekani zaidi ya 24 zinazunguka usiku na mchana. Kila moja inatuma saa yake na mahali ilipo. Kifaa hiki kinasikiliza angalau nne kwa pamoja, kinapima kila ishara imechukua muda gani kufika, kinajua tulipo. Hakitaki bando, hakitaki mnara wa simu.

"Nne?" akauliza Mjomba.

"Angalau nne, Mjomba."

"Mashahidi wanatosha," akasema, akajiegemeza kitini. Nilidhani nimemshawishi.

Urambo tukaipita salama, kama kilomita 90 hivi kutoka mjini. Mjomba hawezi kupita Urambo bila kumtaja Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, ni kama ada ya barabara. Akatueleza kwa mara ya mia kwamba mwaka 1871 Mirambo alifunga njia hii hii, yule mwandishi Stanley akakwama pale Kwihara na mizigo yake, mwisho akaamua kuzungukia kusini, na bado alimfikia Livingstone Ujiji. "Kwa miguu," Mjomba akamalizia, akikitazama kile kipande cha sabuni kwenye kioo. "Na kwa kuuliza watu."

Saa tatu kasoro tukawa Kaliua. Mwingereza akasema tuendelee mbele.

Shangazi akagonga siti yangu. "Baba, Kaliua si ndiyo hii?"

"Ndiyo, Shangazi, ila kwao si hapa mjini. Kifaa kinaona kutoka juu."

"Walisema nyumba iko karibu na stesheni. Stesheni ile pale."

Nilicheka. Kweli nilicheka, tena kile kicheko cha kumhurumia mtu mzima. Stesheni ikatupita dirishani, na mama mmoja mwenye beseni la karanga akatupungia mkono kama anayeaga meli.

Tukaenda. Nyumba zikapungua, miombo ikaongezeka. Kilomita kama thelathini mbele Mwingereza akaniamuru nikate kulia. Nikatazama kulia, sikuona barabara. Niliona njia ya mikokoteni ya ng'ombe, ile ya kubebea kuni na tumbaku: mifereji miwili ya magurudumu, na katikati tuta la nyasi linalokwangua tumbo la gari. Kwenye mipangilio nilikuwa nimechagua "njia fupi". Chaguo hilo halijui mkokoteni wala tuta, linajua urefu tu. Sikushauri.

Na hapo mbung'o wakaja.

Aliyewahi kukutana nao haniulizi. Ndorobo, mbung'o, waite utakavyo. Wanapenda kitu kikubwa kinachotembea, na wanapenda buluu na nyeusi. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Gari langu ni la buluu. Ndani ya gari la buluu alikaa mtu mwenye suti nyeusi, madirisha wazi kwa sababu kiyoyozi kilikufa kabla sijalinunua. Mjomba, ndani ya kanzu yake nyeupe, aliguswa mara moja. Mimi nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja na kujipiga makofi kwa mwingine, shingoni, mapajani, kwenye kisogo, na kila nikijipiga Shangazi anasema "Pole, baba," mpaka pole zake zikaanza kuuma kuliko wadudu.

Tukapita bani moja la kukaushia tumbaku, halina moshi, halina mtu. Baada ya hapo hata mifereji ya mikokoteni ikaisha. Mwingereza akatangaza, kwa sauti ya ushindi, kwamba tumefika, na mwenyeji wetu yuko upande wa kushoto.

Kushoto palikuwa na kichuguu.

Kichuguu kikubwa, nisikidharau, kimenizidi urefu. Mjomba akakitazama. Akafungua mlango taratibu, akashuka, akakung'uta kanzu, akarekebisha baraghashia. Akakisogelea na bakora yake.

"Hodi wenyewe," akakiambia kichuguu. "Sisi ni wageni kutoka Tabora. Tumesikia humu ndani mna jiko, na sisi tuna kijana wetu anakula kwa jirani."

Kimya. Akanigeukia.

"Mjomba wangu, hawa mashahidi wako wanne, wote wameuona mlango?"

Shangazi alicheka mpaka kikapu kikamponyoka, mara ya kwanza tangu alfajiri.

Nikatoa simu nimpigie kaka wa binti. Mtandao hakuna. Ndipo akatokea kijana wa Kisukuma na ng'ombe wake, fimbo begani, akatuamkia wote vizuri, kisha akauliza tunatafuta nini porini tumevaa namna hii.

"Tumekuja kuposa," Mjomba akajibu.

Kijana akatazama huku, akatazama kule. "Kumposa nani, mzee? Huku nipo mimi na nyani."

Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari nikafungua tena ule ujumbe. Nyuzi 31, dakika 48 mashariki. Nikatazama nilichoingiza: 31.48. Yawezekana ulikwishanicheka, mimi ndipo nilipoelewa. Uzi mmoja una dakika 60, kama saa. Dakika 48 siyo nukta arobaini na nane, ni nukta themanini: 31.80. Tofauti ya hizo mbili, kwa huku kwetu karibu na ikweta ambako uzi mmoja ni kama kilomita 111, ni kilomita 35 kwenda magharibi. Setilaiti hazikukosea hata hatua. Zilinileta pale pale nilipoomba.

Sikumwambia Mjomba. Nilisema kifaa kimepata joto.

Kugeuza gari tu kulituchukua nusu saa, kijana yule akisukuma na Shangazi akitoa amri. Njia nzima ya kurudi Mwingereza alinisihi nigeuke, nigeuke inapowezekana, kichuguu kinanisubiri. Nikakibandua kwenye kioo nikakikalia.

Tulifika saa nane mchana. Nyumba iko karibu na stesheni. Yule mama wa karanga ni jirani yao. Alinitambua, akaniuliza huko mbele tulifuata nini.

Wazee wa upande wa binti walikuwa wamekaa mkekani na nyuso za mahakama. Kuchelewa kwa washenga kuna faini, na faini hupanda kwa saa. Mjomba angeweza kunisitiri. Badala yake alisimama akasimulia yote, pamoja na hodi ya kichuguu na sauti ya nyani aliyoiongeza yeye mwenyewe, na kaka wa binti, yule mpima ardhi, akanyoosha mkono kama mwanafunzi: "Shemeji, uliingiza dakika kama desimali?"

Faini ikaandikwa kwa jina langu. Mbuzi mmoja. Posa ilikubaliwa lakini, na mchele wao ulikuwa mzuri, ingawa niliula nimesimama kwa sababu ya mbung'o.

Jioni wakatusindikiza mpaka kwenye gari, ukoo mzima na bibi yake binti ameshikwa mkono. Nikawasha. Mjapani, ambaye siku hiyo nzima hakuwa amemkosea mtu, akasema yake.

Bibi akainama dirishani. "Huyu naye anasemaje?"

"Anaulizia kadi," Shangazi akamjibu.

"Mwambieni asiwe na haraka," bibi akasema. "Kamati haijakaa. Ya kwake nitamletea mwenyewe, na mchango asipungue elfu hamsini."